Kuua Ni Nini Ukivuka Daraja

Wadogo zangu mtakaokaa kwenye meza yangu, mimi Mwamini nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na miwili. Chekeni kwanza, halafu tuendelee. Mama anasema mtu wa umri huu hastaafu, anaacha tu kazi, kama mtu anavyoacha sukari. Papa ni fundi cherehani hapa Kamembe, wilayani Rusizi, na tangu nimjue hajapumzika. Ameniuliza kama kustaafu ni ugonjwa na kama unaambukiza. Lakini neno hili nalitaka, na nimelitolea jasho. Kulinganisha uhalifu wa nchi mbili kunazeesha. Sasa nauza vitenge na shangazi yangu, na tangu nianze nacheka ovyo, hata wateja wanauliza kama nimechumbiwa. Pièce moja ya kitenge ni yadi sita Rusizi, na ni yadi sita Bukavu. Hamjui raha iliyomo katika sentensi hiyo. Mtaijua.

Kazi mnaifahamu, ila niieleze kwa atakayesoma bila kuijua. Chama chetu ni cha wafanyabiashara wadogo wanaovuka mpaka kati ya Rusizi, upande wa Rwanda, na Bukavu, upande wa Kongo. Mwanachama akiibiwa, akipigwa au akitapeliwa, huku au kule, anatuambia. Sisi tunaandika, na baada ya muda tunaziweka pande mbili katika jedwali moja ili ionekane wapi pana usalama zaidi. Basi. Mtu akiisikia mara ya kwanza hudhani ni kazi ya asubuhi moja.

Siku ya kwanza niliingia ofisini na viatu vya dada yangu na hofu yangu mwenyewe. Walitaka mtu mwenye diploma ya takwimu. Mimi nilijifunza kwa simu, na kwa kitabu kimoja cha Kifaransa nilichokiokoa kwa muuza karanga wa Gihundwe, aliyekuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Sura ya wastani ilikuwa imeshaondoka na wateja. Kwa hiyo nilijua jinsi namba zinavyotawanyika kabla sijajua zinakutana wapi, na nadhani wasiwasi wangu wote ulianzia hapo. Kwenye usaili sikuficha. Wakacheka, wakanipa mtihani, nikaumaliza, kisha nikaomba niuandike upya kwa sababu mistari yangu ya jedwali haikunyooka. Nadhani waliniajiri ili niondoke chumbani.

Mwalimu wangu alikuwa Papa Wabiwa, mzee mrefu wa Bukavu, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwa kali. Yeye ndiye aliyeandika visa vya Bukavu, mimi vya Rusizi, na kila wiki alivuka kuja kwetu tuvikutanishe. Zamani alikuwa akihesabu kreti za bia kwenye bohari, na alipenda kusema kwamba kreti ni kitu cha heshima kwa sababu haibadilishi jina ikivushwa mpaka.

Jedwali langu la kwanza lilinitoa machozi. Katika safu ya wizi, upande wetu wa Rusizi ulikuwa umeuacha mbali upande wa Bukavu. Sisi! Watu tunaofagia barabara pamoja na kusalimiana mpaka kuchoka! Nilirudia kujumlisha mpaka vidole vikauma. Papa Wabiwa alipofika alinikuta nimeweka mikono kichwani.

"Mwamini, kuko matanga?"

"Papa, sisi ni wezi."

"Bote?"

"Angalia mwenyewe."

Akaangalia, akavua kofia, akajipepea nayo. "Humu kuko kuku bangapi?"

Nikatazama. Wizi mwingi wa Rusizi ulikuwa kuku. Sikuwa nimeona ajabu yoyote. Kwetu kuku akipotea alfajiri, jirani anajua, mkuu wa umudugudu, yaani wa kitongoji, anajua, na kabla chai haijachemka mtu ameshapiga simu. Inaandikwa. Huo ndio utaratibu.

"Na kwenu?" nikamwuliza. "Hamuibiwi kuku?"

"Mutoto yangu, kwetu muntu akienda kushitaki kuku, atapoteza kuku na siku muzima. Kwenu kuko kuku ndani ya kitabu. Kwetu kuko paka manyoya." Huyo si paka wa nyumbani; kwao "paka" ni "tu". Akacheka mpaka akalazimika kukaa. "Usiulize kwanza bezi ni bangapi. Uliza nani anabahesabu, na kama muntu anaona faida ya kusema."

Ndivyo nilivyojifunza kwamba mahali panaposikiliza sana malalamiko huonekana pabaya kwenye karatasi, na mahali ambapo watu wamekata tamaa ya kulalamika hung'aa kama sahani iliyooshwa. Nilifurahi kiasi kwamba siku ile nilimsimulia kila mtu, hadi motari aliyenipeleka nyumbani kwa pikipiki, ambaye aliniambia nishikilie vizuri na niache kurusha mikono.

Halafu kikaja kisa cha mama watano. Walikuwa wakitembea pamoja na ndoo zao za sambaza, vidagaa vya ziwani, vijana wakawazuia njiani, wakawanyang'anya wote. Huo ni unyang'anyi mara ngapi? Mimi niliandika mara tano, kwa kuwa walioumia ni watano. Kumbe Papa Wabiwa, kwa visa kama hivyo vya upande wake, huandika mara moja, kwa kuwa tukio ni moja. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi. Mwishowe tulikubaliana kuandika tukio katika safu moja na watu katika safu nyingine, na tangu siku hiyo majedwali yetu yakawa mapana kama mikeka. Msiyapunguze upana. Mtu akiwaambia karatasi ni kubwa mno, mwambieni akunje.

Na kulikuwa na kisa cha simu iliyoporwa darajani. Mwanamke mmoja alinyang'anywa simu akiwa katikati ya daraja la mpakani. Mimi niliiandika, Papa Wabiwa naye aliiandika, simu moja ikaibiwa mara mbili katika nchi mbili. Mtu mwenye akili angerusha sarafu juu. Mimi nilikwenda darajani. Nikawa natembea polepole, natazama chini, narudi nyuma, nasonga mbele, mpaka ofisa wa mpakani akaniita.

"Dada, umepoteza nini?"

"Natafuta nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya daraja."

Alinitazama kwa huruma kubwa sana. "Dada yangu, chagua upande, watu wanataka kupita."

Nilichagua Rusizi, kwa kuwa ndiko nilikokuwa nimesimama. Papa Wabiwa aliposikia aliniambia kwamba mipaka mingi duniani huenda iliamuliwa hivyo hivyo.

Vifaa vya kazi mtavikuta: kikokotoo chenye kitufe cha tisa kinachotaka kubembelezwa, rula mbili (moja ni yangu, niachieni), na simu ya ofisi ambamo wanachama hutuma sauti zao. Sikilizeni sauti hata kama maandishi yapo. Na chini ya kila jedwali andikeni maelezo madogo, hata yakizidi jedwali lenyewe. Wakubwa hawayasomi, lakini mtu akiyatafuta siku moja, atayakuta. Na kabla hamjalinganisha upande mmoja na wa pili, linganisheni kila upande na nafsi yake ya mwaka uliopita. Mtu hujipima urefu kwenye mlango wa kwao. Hapimwi kwenye mlango wa jirani.

Sasa nifike penyewe. Papa Wabiwa alinifundisha kutilia shaka kila safu isipokuwa moja. Wizi una tabia, alisema, matusi yana tabia, hata kipigo kina tabia, maana kuna nyumba zinazokiita kipigo na nyumba zinazokiita mazungumzo. Lakini mauaji ni mauaji. Maiti haibishani na karani. Ukitaka kulinganisha nchi na nchi na upate usingizi, shika safu ya mauaji. Nikaishika. Katika kazi hii yote iliyojaa kuku wa vitabuni na simu za darajani, safu ile ilikuwa mto wangu wa kulalia, hasa kwa kuwa, namshukuru Mungu, karibu siku zote ilikuwa tupu pande zote mbili.

Visa vilipozidi, ofisi ikamwajiri Elisha. Elisha ni wa Tabora, ameoa hapa Kamembe, na Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akisema "naomba radhi" unajisikia umevaa kanzu mpya. Kazi yake ilikuwa kupokea visa vya Bukavu, ambavyo sasa wasaidizi wa Papa Wabiwa waliviandika kwa ufupi bila majina, kwa ajili ya usiri, na kuvipanga katika safu. Mimi niliendelea kupanga vya Rusizi, ambavyo huja kwa Kinyarwanda. Tulikaa meza moja, tukigawana karanga na kikokotoo, na hatukuwahi kusomeana kazi. Kwa nini tusomeane? Namba zilijumlishika.

Wakati huo soko la jioni lilikuwa limeanza kuchangamka kule Cyangugu, upande wetu, karibu na mpaka. Wafadhili walikuwa wamelipia taa na mlinzi, na wanawake wa pande zote mbili waliuza pale baada ya shughuli za mchana: unga wa muhogo, nyanya, sambaza, mafuta, nguo za watoto. Wa Bukavu waliuza mpaka karibu na saa ya kufungwa mpaka, kisha wakarudi kwao kwa makundi. Mwakilishi wao alikuwa Maman Nabintu, muuza unga wa muhogo, mwanamke mwenye sauti inayofika ng'ambo bila kuonesha kitambulisho. Kabla ya soko lile alikuwa akilima kwa mama mkwe wake, kijijini, na alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba soko likifungwa hana pengine pa kwenda ila kule.

"Na mama mkwe wangu," alisema, "ananipenda paka wakati niko mbali."

Wafadhili walituandikia kwamba wanafikiria upya. Wakitumia mali yao kuwakusanya wanawake jioni, wanataka kujua kama wanawarudisha mahali pa salama. Wakaomba jedwali la kulinganisha. Mratibu wao, Madame kutoka Kigali, angekuja mwenyewe kuamua kama taa zinabaki au zinazimwa.

Niliandaa jedwali hilo kama bibi arusi. Nilijumlisha kwa wima, nikajumlisha kwa ulalo, nikalala nalo kifuani. Nilipopachika safu za Elisha kando ya zangu nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona. Safu ya mauaji, upande wa Rusizi, ilikuwa tupu kama kawaida. Upande wa Bukavu ilikuwa imejaa. Haikuwa mmoja wala wawili. Ilikuwa imejaa kama daftari la michango ya harusi.

Sikuitilia shaka, kwa kuwa hiyo ndiyo safu isiyotiliwa shaka. Nililia kidogo, nikaomba dua kwa ajili ya wale mama, nikalipiga jedwali chapa.

Siku ya kikao Madame alifika amechelewa, akaomba msamaha kwa Kiswahili chake cha polepole, akaketi. Tulikuwa watano: yeye, mimi, Elisha, Papa Wabiwa na Maman Nabintu, aliyekuja na kikapu chake na mandazi ya kutosha mkutano mara mbili. Madame akatazama jedwali. Akaweka kidole kwenye ile safu.

"Hawa wote," akasema, "wameuawa tangu soko lianze?"

"Ndiyo, Madame," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba kama uzi wa cherehani ya Papa.

"Wote wanawake wa sokoni?"

"Wote ni wanachama wetu," akasema Elisha, akiinamisha kichwa. "Inasikitisha mno."

Madame akavua miwani. "Basi siwezi. Siwezi kuwasha taa ili watu wakauawe. Nitaandika leo kwamba soko lifungwe."

Maman Nabintu alikuwa na andazi mkononi. Akaliweka chini. Hapo ndipo nilipojua jambo ni kubwa.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nani alikufa?"

"Maman, majina hatuandiki," nikamjibu. "Ni siri."

"Siri ya nini? Bukavu kuko muntu wa soko atakufa mi nisikule ku matanga yake? Mi njo mwenye sufuria ya chama! Matanga yote wanakuya kuazima sufuria kwangu. Tangu soko ianze, sufuria haijatoka." Akamgeukia Papa Wabiwa. "Papa, weye ulienda ku matanga gani?"

Papa Wabiwa akawa anahesabu kwa vidole, akaona vidole havina kazi, akavikunja. "Hakuna," akasema taratibu. "Hakuna hata moja."

Mimi nikahisi kitu kinanipanda kutoka miguuni, sijui kama ni hofu au kicheko, kwangu mimi hivyo viwili hukaa nyumba moja. Nikamwomba Elisha atusomee kisa kimoja, kile cha kwanza, kama kilivyoandikwa Bukavu. Akasoma kwa sauti yake nzuri ya Tabora:

"'Maman wa bunga. Motari amemuua. Karibu na mpaka, jioni, mvua.'" Akainua macho. "Niliandika: mfanyabiashara mwanamke ameuawa na dereva wa pikipiki."

Maman Nabintu akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Njo mimi!" akasema, yaani ndiye yeye.

"Wewe nani, Maman?"

"Maman wa bunga! Njo mimi! Ule motari alinipitisha ndani ya matope, gunia yote ya bunga ikamwangika, nikasema ananiua kabisa! Ananiua, eeh! Unga yote!" Akajishika kifua kwa mikono miwili kama anayehakikisha. "Elisha! Uliniandika nilikufa?"

Elisha alikuwa amebadilika rangi. "Maman, naomba radhi. Imeandikwa amekuua."

"Si aliniua! Lakini sikufa!"

Hapo nilicheka. Sikutaka, na mbele ya Madame nilijaribu kukohoa, lakini kicheko kilikwisha kutoka. Nikamshika Elisha mkono nikamwambia, kwa maneno yaliyokuwa yakiparanganyika, kwamba kwetu sisi, na Bukavu pia, kuua ni kuharibu. Mtu akiuza rahisi kuliko wewe sokoni mpaka ukakosa wateja, amekuua. Akikuuzia simu mbovu, amekuua. Kinyarwanda nacho ni hivyo hivyo, kwica. Visa vyangu vya Rusizi vilikuwa vimejaa kwica, na mimi, bila hata kufikiri, nilikuwa nikivipeleka vyote katika safu ya hasara. Tulikuwa meza moja, tunagawana karanga, tunalo neno moja lile lile. Kwangu lilikuwa likimwaga unga. Kwa Elisha lilikuwa likichimba makaburi.

Madame alitazama juu kidogo, kisha uso wake ukafunguka. "Kwica gahunda," akasema. Ndivyo Wanyarwanda wasemavyo mtu akivunja miadi: ameiua. "Mimi asubuhi hii nimechelewa. Nimeua miadi yenu."

"Muandike, Elisha," akasema Papa Wabiwa. "Madame ni muuaji."

Elisha ndiye aliyeanguka kwanza. Alilaza kichwa mezani akacheka mpaka meza ikatikisika, na sisi wote tukamfuata. Maman Nabintu akaanza kutuuliza mmoja mmoja nani alimlilia. Nikainua mkono, kwa kuwa ni kweli. Akanipa andazi.

Tukasoma wote. Mama wa nyanya, ambaye mwenzake "amemuua" kwa kuuza rahisi. Mama wa mafuta, ambaye "wamemuua" kwa kidumu kinachovuja. Mwingine aliuziwa kuku ambaye kesho yake aliota kilemba na kuwika, na aliyemuuzia amemuua yeye na mayai yake ya baadaye. Kila mmoja Maman Nabintu alimtambua na kumfufua kwa jina la utani, na Madame akawa anafuta machozi kwa kona ya jedwali langu. Tulipekua na visa vyangu, kwa haki, tusije tukakuta mimi nimemzika mtu katika safu ya hasara. Tulimkuta marehemu mmoja wa kweli, gari limemgonga akafa papo hapo. Alikuwa mbuzi.

Halafu tukafika kwenye kisa karibu na mwisho. "Maman wa maharage. Bajambazi bamemuua njiani. Anasema mkono." Maman Nabintu alifungua kinywa atutajie jina la utani, akakifunga.

"Huyu simujui," akasema. "Huyu ni mugeni ku chama."

Tukatafuta sauti yenyewe kwenye simu ya ofisi. Hakuna aliyecheka. Alikuwa mwanamke kijana, akiongea polepole, akisema wamempiga, wamemwangusha, mkono hauinuki, yuko hospitali na hajui nani atamletea chakula. Kisha akasema samahani kwa kutusumbua.

Hakuna aliyekuwa amekwenda kumwona. Mimi nilimsikia nikadhani Elisha ameshughulikia. Elisha alimwona kwenye karatasi akamweka pamoja na wafu wengine, na marehemu hapelekewi uji. Katika rundo lile la unga na nyanya na kuku anayewika, mtu mmoja aliyeumizwa kweli alikuwa amefunikwa kabisa. Wadogo zangu, hilo ndilo la kubeba mkisahau mengine yote. Namba kubwa ya uongo ilitutisha, sawa, lakini mabaya yake ni kwamba ilimficha yule mmoja.

Madame akafunga kalamu. "Tunakwenda," akasema. Tulivuka daraja siku ile ile, sote watano, Maman Nabintu mbele na mandazi yaliyobaki. Mwanamke yule alitushangaa. Mkono ulikuwa umefungwa vizuri na alikuwa hai, hai kabisa, na mwenye njaa. Alikula mandazi matatu. Alipoambiwa kwamba kwenye karatasi yetu alikuwa amekufa, aliuliza kama matanga yalikuwa na watu.

"Sufuria haikutoka," Maman Nabintu akamjibu. "Pona upesi, tutaitoa ku harusi yako."

Soko halikufungwa. Madame aliondoka bila jedwali, akatupa wiki ya kulitengeneza upya, Elisha na mimi tukisomeana kila kisa kwa sauti, yeye akisoma vyangu na mimi vyake. Jipya lilipotoka lilikuwa na mambo mengi ya kusikitisha na hakuna hata moja la kutisha, na pande mbili zilifanana zaidi kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Taa zilibaki. Madame aliomba mlinzi wa pili, wa kuwasindikiza wa Bukavu njiani, kwa ajili ya yule mmoja.

Elisha hajapona kabisa. Siku yangu ya mwisho ofisini kiliingia kisa kipya, kimeandikwa kwa mkono wa Bukavu: "Maman wa bunga, mvua imemuua." Akachukua simu ya ofisi, akaiweka sauti ya wote kusikia, akampigia Maman Nabintu.

"Maman, shikamoo. Samahani sana. Nataka kuhakikisha. Umeuawa?"

Nyuma yake tulisikia soko lote, mabeseni, mtu anabishana bei, mtoto analia.

"Eeh, Elisha! Leo nimekufa kabisa, unga yote imeloa!"

"Pole sana, Maman. Kwa hiyo niandike nini?"

"Andika nimekufa," akasema, "na andika niko ku soko mpaka bafunge mpaka. Muntu akitaka unga kavu, iko ingine."